Bafa zimewekwa, waya bado unachelewa: kutafuta kasoro kwenye uwekaji wa bafa na uelekezaji wa nyaya

Neti ndefu (waya unaounganisha pini za chipu) ikifeli muda, yaani ishara ikichelewa kufika, lawama ya kwanza huangukia algoriti ya kuweka bafa, seli ndogo zinazoipa ishara nguvu upya njiani. Mara nyingi haina kosa. Imepewa namba mbovu ikazipigia hesabu kwa uaminifu, au jibu lake lilikuwa sahihi ila bafa zikasogezwa baadaye, au waya halisi umepita njia nyingine kabisa na ile iliyokadiriwa. Kwa hiyo shuku kwa mpangilio huu: kwanza kipimo cha ucheleweshaji, kisha msimbo wa kuweka bafa, kisha uelekezaji, mwisho nafasi halisi kwenye chipu. Anayeanzia kwenye msimbo huishia kutibu kiungo kisichoumwa.

Mfano mmoja utatumika karibu kote humu. Waya una ukinzani wa omu 2 na kapasitansi ya femtofaradi 0.2 kwa kila mikromita, na urefu wake ni mikromita 2000. Bafa ina ukinzani wa kutoa wa kiloomu 0.25, kapasitansi ya kuingilia ya femtofaradi 8, na ucheleweshaji wa ndani wa pikosekunde 15. Kiendeshi (seli inayotuma ishara) na kipokezi (inayoipokea) vichukuliwe kuwa bafa za aina hiyohiyo. Hizi si namba za teknolojia yoyote maalumu. Weka za kwako, lakini anza na hizi kwa sababu majibu yake yapo hapa ya kulinganisha.

Dalili: ucheleweshaji unaotoa haufanani na wa programu ya uchambuzi wa muda

Tofauti ikiwa ya mara 1000 kamili, usitafute mbali: ni vizio. Kiloomu ukizidisha kwa femtofaradi unapata pikosekunde moja kwa moja. Omu ukizidisha kwa femtofaradi unapata sehemu moja ya elfu ya pikosekunde. Badilisha kila ukinzani uwe kiloomu pale faili linaposomwa, na usiruhusu omu kupita hapo.

Tofauti ikiwa ndogo kuliko hiyo, pigia hesabu waya mtupu usio na bafa kwa kalamu. Ukinzani wake wote ni kiloomu 4, kapasitansi yake yote ni femtofaradi 400. Kwa kanuni ya Elmore ya mwaka 1948, inayojumlisha kila ukinzani mara kapasitansi iliyo mbele yake, kiendeshi kinachangia 15 + 0.25 × (400 + 8) = 117, na waya unachangia 4 × (200 + 8) = 832. Jumla ni pikosekunde 949. Sasa endesha msimbo wako kwenye waya huohuo na usome kosa kutokana na namba yenyewe:

- 1749: hukugawa kapasitansi ya waya kwa mbili. Ukinzani wa waya unasukuma nusu tu ya kapasitansi yake yenyewe, pamoja na mzigo wote ulio mbele.
- 915: kapasitansi ya kipokezi haikuingizwa popote.
- 847: ukinzani wa kiendeshi umesahauliwa.
- 989: waya umekatwa vipande 20 na kapasitansi yote ya kila kipande ikawekwa mwisho wa kipande. Igawe nusu kwa nusu kwenye ncha mbili na jibu litarudi 949, hata ukikata vipande vingapi.
- 909: ni kosa hilohilo, ila kapasitansi imewekwa mwanzo wa kipande.

Ukipata 949 na programu ya uchambuzi bado inakataa, basi msimbo hauna neno. Kinachobaki ni mipaka ya kanuni yenyewe. Kwenye mti wa vikinza na kapasita, Elmore haishuki chini ya ucheleweshaji halisi wa asilimia 50 (muda wa ishara kufika nusu ya kimo chake), daima huzidisha. Kikinza kimoja na kapasita moja, ucheleweshaji halisi ni 0.69 RC (ukinzani mara kapasitansi) wakati Elmore inasema RC. Waya uliotawanyika, halisi ni karibu 0.38 RC na Elmore inasema 0.5 RC. Mbaya zaidi ni kipokezi kilicho karibu na kiendeshi huku tawi lingine likienda mbali: ukinzani wa tawi lile refu huificha kapasitansi yake, lakini Elmore inaihesabu yote kana kwamba imekaa mlangoni. Hapo makadirio yanaweza kuwa makubwa mno, na ukiona vipokezi vya karibu tu ndivyo vinavyolalamika, chanzo ni hiki.

Dawa si kuitupa Elmore. Inajumlishika kipande kwa kipande, na sifa hiyo ndiyo inayoiwezesha algoriti kufanya kazi toka majani (vipokezi) hadi mzizi (kiendeshi). Iache ichague mahali pa bafa, kisha hakiki jibu la mwisho kwa kipimo cha momenti mbili (momenti ni vigawo vya mfululizo wa mwitikio wa waya; ya kwanza, bila kujali alama, ndiyo ucheleweshaji wa Elmore): logi asili ya 2, mara momenti ya kwanza kwa kipeo cha pili, gawanya kwa kipeuo cha pili cha momenti ya pili. Kwa kikinza kimoja na kapasita moja kipimo hicho kinarudisha 0.69 RC sawasawa, jambo linalotosha kuwa jaribio la kwanza la msimbo wake.

Chanzo kingine ni bafa yenyewe. Ukinzani wa 0.25 na ucheleweshaji wa 15 hauandikwi popote kwenye maktaba ya seli. Vinakokotolewa kutoka kwenye jedwali la ucheleweshaji lililomo humo. Chagua muda wa mpito wa kuingilia unaolingana na ule utakaokuwepo kweli kwenye waya mrefu, si safu ya kwanza ya jedwali ambako ukingo wa ishara ni mkali kupita kiasi. Soma mizigo miwili. Kama femtofaradi 20 inatoa pikosekunde 20 na femtofaradi 60 inatoa pikosekunde 30, mteremko ni 10 ÷ 40 = kiloomu 0.25, na mstari ukirudishwa hadi mzigo sifuri unagonga 15. Ukitumia safu ya ukingo mkali, kila bafa itaonekana nafuu kuliko ilivyo na utawekewa nyingi mno.

Via, viungo kati ya tabaka moja la waya na jingine, nazo zisisahauliwe. Bafa ipo chini kabisa kwenye silikoni, waya mrefu upo matabaka ya juu. Ikiwa waya uko tabaka la 8 na pini ya bafa iko tabaka la 1, kila bafa inadai via 7 kushuka na 7 kupanda. Ukinzani wa ngazi hizo mbili uingizwe kwenye gharama ya bafa, si kwenye waya.

Dalili: bafa ni nyingi kupita kiasi

Kabla ya kuita kasoro, jua idadi inayofaa. Nafasi bora kati ya bafa na bafa ni kipeuo cha pili cha 2 × (ucheleweshaji wa ndani + ukinzani wa bafa × kapasitansi yake) ÷ (ukinzani wa waya × kapasitansi ya waya kwa mikromita). Kwa mfano wetu ni 2 × 17 ÷ 0.0004, yaani 85,000, na kipeuo chake ni mikromita 291 hivi. Waya wa 2000 unataka vipande 7, yaani bafa 6.

Angalia lakini gharama inavyokwenda. Bila bafa ni pikosekunde 949. Bafa 3 zinaishusha hadi 400. Bafa 4, 377. Bafa 5, 367. Bafa 6, 365. Ukizidi kuongeza, inapanda tena: bafa 20 zinakurudisha 527. Bonde la mkunjo huo ni tambarare. Bafa mbili za mwisho zinanunua pikosekunde 12 kwa jumla, na kila moja inakula eneo, umeme na ngazi mbili za via. Algoriti iliyoambiwa "punguza ucheleweshaji" itaziweka bila kusita, maana ndivyo ilivyoagizwa.

Kwa maoni yetu hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na si kosa la msimbo hata kidogo. Lengo ndilo baya. Neti nyingi hazihitaji kuwa za haraka iwezekanavyo, zinahitaji kuwahi. Badilisha swali liwe: bafa chache zaidi zinazofikisha muda unaotakiwa. Lillis, Cheng na Lin walionyesha mwaka 1996 namna ya kuongeza gharama kuwa sifa ya tatu ya kila chaguo. Kama hutaki kwenda huko, kuna njia ya mkato isiyo mbaya: zidisha nafasi bora kwa moja na nusu, na usikubali bafa mbili zikaribiane kuliko hapo isipokuwa neti ina akiba hasi ya muda (imechelewa kuliko inavyotakiwa).

Ila bafa zikitokea kila mikromita 100 hivi, hiyo ni kasoro halisi. Ucheleweshaji wa ndani umesomwa kama sifuri: weka 2 badala ya 17 kwenye kanuni ya juu uone, kipeuo kinatoa 100 kamili.

Dalili: hakuna bafa hata moja, au ni chache mno

Sababu tatu, na ya kwanza ndiyo ya kuanza nayo kila mara.

Hakuna mahali pa kuziweka. Algoriti huangalia nodi (maungio) za mti tu. Neti yenye kiendeshi kimoja na kipokezi kimoja haina tawi, kwa hiyo haina nodi katikati. Kata waya vipande kabla ya kuanza. Theluthi hadi humusi ya nafasi bora inatosha, yaani mikromita 60 hadi 100 kwenye mfano wetu. Kukata vipande vya mikromita 5 kunaongeza kazi bila faida, kwa sababu ya lile bonde tambarare.

Ya pili ni vizio tena: ukinzani wa bafa umebaki kwenye omu wakati wa waya uko kwenye kiloomu. Bafa inaonekana dhaifu mara elfu na hakuna anayeichagua.

Ya tatu imejificha zaidi. Kwenye mzizi, msimbo unachukua chaguo (mpangilio mmoja wa bafa) lenye muda mkubwa zaidi unaotakiwa na kusahau kuondoa ukinzani wa kiendeshi × kapasitansi ya chaguo hilo. Chaguo lenye mzigo mkubwa haliadhibiwi, hivyo bafa ya kwanza karibu na kiendeshi haiwekwi kamwe. Kiendeshi kikiwa na nguvu hutaona tofauti. Kikiwa dhaifu, matokeo yanaharibika kabisa. Jaribu kwa kuongeza ukinzani wa kiendeshi mara 10: bafa ya kwanza lazima isogee kuelekea kwake. Isiposogea, umeipata kasoro.

Dalili: neti ndogo zinapita, kubwa zinakwama au zinajaza kumbukumbu

Algoriti ya van Ginneken ya mwaka 1990 hubeba orodha ya machaguo toka kwenye vipokezi hadi kwenye kiendeshi. Kila chaguo lina vitu viwili: mzigo unaoonekana ukitazama chini ya mti, na muda wa mwisho ambao ishara inatakiwa iwe imefika hapo. Chaguo lenye mzigo mkubwa na muda mdogo kuliko jingine halina maisha, linapogolewa. Algoriti nzima inasimama juu ya kupogoa huko, na orodha ikivimba, mkasi haukati.

Kuna kipimo kamili cha kuvimba. Kwa aina b za bafa na nafasi n, orodha kwenye mzizi haipaswi kuzidi bn + 1. Kila kipokezi huanza na chaguo 1. Kila nafasi huongeza machaguo b tu, moja kwa kila aina. Na kuunganisha matawi mawili yenye orodha za urefu p na q hutoa yasiyozidi p + q − 1. Weka sharti hilo ndani ya msimbo na uache programu ianguke pale linapovunjwa. Mahali inapoangukia panakuambia kosa ni lipi.

Ikiangukia kwenye bafa: unaongeza chaguo jipya kwa kila chaguo la zamani. Bafa huficha kila kilicho nyuma yake, hivyo mzigo wa machaguo yote yaliyowekewa aina ileile ya bafa ni uleule, na moja tu ndilo bora. Tafuta lenye muda mkubwa zaidi baada ya kuondoa 15 + 0.25 × mzigo, ongeza hilo peke yake.

Ikiangukia kwenye tawi: unazidisha orodha mbili kila mmoja kwa kila mwenzake. Orodha mbili za machaguo 200 zinazaa 40,000 wakati yasiyozidi 399 yanatosha. Zipange zote kwa muda, kutoka mdogo kwenda mkubwa. Unganisha yaliyo mbele: mizigo ijumlishwe, muda uwe ule mdogo kati ya miwili. Kisha songa mbele kwenye orodha iliyotoa ule muda mdogo, kwa sababu ndiyo inayokubana. Kusonga kwenye ile nyingine kungeongeza mzigo bila kuongeza muda.

Ikiangukia kwenye waya mtupu: unapogoa baada ya bafa tu. Waya nao hugeuza cheo. Chukua chaguo A lenye mzigo 10 na muda 100, na B lenye mzigo 60 na muda 120. Yote mawili ni hai. Ongeza mikromita 250 za waya, yaani kiloomu 0.5 na femtofaradi 50. A inakuwa na mzigo 60 na muda 82.5; B ina mzigo 110 na muda 77.5. B imekufa, na usipoiondoa itatembea nawe hadi mzizini ikizaa watoto.

Dalili iliyo kinyume, ambapo orodha inabaki na machaguo mawili matatu tu na jibu ni baya, hutokana na ulinganisho wa desimali. Ukihesabu kwa sekunde na faradi, kisha ukasema namba mbili ni sawa zikipishana chini ya 10⁻⁹, umetangaza kuwa nanosekunde nzima si kitu, na kila chaguo linaonekana sawa na mwenzake. Hesabu kwa pikosekunde na femtofaradi, na mwanya uwe 10⁻⁶.

Ukishaongeza gharama kama sifa ya tatu, sharti la bn + 1 halishiki tena, na uvimbe unaweza kuwa wa kweli. Gharama ziwe namba kamili ndogo, kwa mfano 1, 2 na 4 kwa saizi tatu za bafa. Ukitumia eneo halisi lenye desimali sita, karibu kila chaguo litakuwa na gharama yake ya pekee na hakuna litakalopogolewa.

Na kabla ya kuamini chochote, linganisha na utafutaji wa kujaribu kila mpangilio. Nafasi 8 na aina 2 za bafa ni mipangilio 3⁸, yaani 6561. Kompyuta yoyote inaijaribu yote kwa kufumba na kufumbua. Tengeneza miti elfu moja ya bahati nasibu ya ukubwa huo. Majibu lazima yalingane yote, si mengi.

Dalili: muda ni mzuri, lakini kipokezi kinapata 0 badala ya 1

Umetumia inveta, seli inayogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, mahali pa bafa. Kila nodi inahitaji orodha mbili, ya ishara iliyo sawa na ya iliyogeuzwa. Inveta huhamisha chaguo kutoka orodha moja kwenda nyingine. Kwenye tawi, sawa huungana na sawa, na iliyogeuzwa na iliyogeuzwa. Kuzichanganya hata mara moja kunaharibu tawi zima kimyakimya. Mzizini soma orodha ya sawa pekee. Vipokezi vyote vikitaka ishara iliyo sawa, orodha hiyo haiwezi kuwa tupu, maana chaguo lisilo na inveta limo; ikiwa tupu, msimbo una kasoro.

Dalili: waya ni mrefu kuliko inavyostahili

Tenganisha mambo mawili: umbo la mti, na njia ya kila kipande.

Umbo lijaribiwe kwa vituo vinne vilivyokaa kama msalaba, kila kimoja hatua 1 kutoka katikati: juu, chini, kulia, kushoto. Mti bora una urefu wa 4. Ukipata 6, programu inaunganisha vituo kwa vituo bila kuruhusu nodi mpya ya katikati, na hiyo ndiyo hasara kubwa kabisa inayowezekana kwa njia za mraba: mara 1.5. Nodi za ziada hazihitaji kutafutwa kila mahali. Hanan alithibitisha mwaka 1966 kwamba zinatosha zile za makutano ya mistari ya wima na ulalo inayopita kwenye vituo vyenyewe. Kwa neti za pini 9 au pungufu, majedwali ya programu ya FLUTE yanatoa mti mfupi kamili. Neti nyingi za chipu ziko ndani ya idadi hiyo.

Lakini mti mfupi si lazima uwe wa haraka. Kipokezi cha mbali kinaweza kufikiwa kwa kuzungukia vyote vingine, na hapo bafa haziokoi kitu. Ulinganifu wa Prim na Dijkstra una kitasa kimoja kati ya 0 na 1: sifuri inatoa mti mfupi, moja inatoa njia fupi kwa kila kipokezi. Anza na 0.3, panda kwa neti zenye akiba hasi tu. Panga pia vipokezi vya dharura kwenye tawi lao, ili bafa moja iweze kuwaficha wengine wote nyuma yake.

Njia ikiwa ndiyo inayozunguka, kagua utafutaji wa A*, algoriti inayotafuta njia ya bei ndogo kwa kukisia umbali uliobaki. Makosa yake ni machache na yanajirudia. Unasimama mara tu lengo linapoguswa badala ya kusubiri litoke mbele ya foleni. Njia ya kwanza kugusa si lazima iwe ya bei ndogo. Au makisio ya umbali uliobaki yanazidi gharama halisi, mfano unapozidisha umbali kwa gharama ya tabaka la chini wakati la juu ni nafuu. Tumia gharama ya tabaka la bei ndogo kuliko yote. Au mstatili wa kutafutia umebana pini mno na hakuna pa kukwepea kizuizi. Uongeze visanduku (vyumba vya gridi ya chipu) 3 hadi 5 kila upande, na utafutaji ukishindwa, uongeze mara mbili. Kuhakikisha, weka makisio kuwa sifuri na uendeshe tena. Gharama ikishuka, makisio yalikuwa yakidanganya. Isiposhuka, njia ndiyo fupi kweli kwa gharama ulizoweka, na tatizo ni gharama zenyewe, hasa bei ya via.

Dalili: msongamano hauishi, raundi baada ya raundi

Kwanza uliza kama inawezekana. Chora mstari wima kukatisha eneo zima, hesabu neti zilizo na pini pande zote mbili, linganisha na njia zilizopo kwenye mstari huo. Neti zikizidi njia, hakuna algoriti itakayokusaidia; rudi kwenye upangaji wa seli. Fanya hivyo kwa kila safu ya visanduku, wima na ulalo. Ni kazi ndogo ya kompyuta na inaokoa usiku mzima wa kungoja.

Njia zikitosha na bado msongamano upo, kagua gharama ya kisanduku. Kwenye uelekezaji wa majadiliano, uliotokana na PathFinder ya McMurchie na Ebeling ya mwaka 1995, gharama ni (msingi + historia) × adhabu ya sasa. Adhabu hutazama waliopo sasa hivi. Historia hukumbuka waliosongamana raundi zilizopita na haipungui.

Neti mbili zikibadilishana nafasi kila raundi, moja kulia na nyingine kushoto kisha kinyume chake, historia haiongezwi, au inafutwa mwanzoni mwa raundi. Chanzo kingine cha kubadilishana ni kung'oa neti zote kwa pamoja na kuzielekeza kwa kutumia hesabu ya zamani ya watumiaji. Ng'oa moja, ielekeze, sasisha hesabu, ndipo uende nyingine. Wanaoendesha nyuzi nyingi za programu sambamba hukutana na tatizo hili hata msimbo ukiwa sahihi. Neti zenye mistatili inayopishana zisishikwe na nyuzi tofauti kwa wakati mmoja.

Msongamano ukipungua haraka kisha ukaganda, adhabu ilianza juu mno. Neti za kwanza zilikimbilia njia ndefu kabla historia haijasema nani anastahili kukaa. Anza adhabu karibu 0.5 na uizidishe kwa 1.3 kila raundi. Ukipungua polepole mno, panda hadi 1.5 au zaidi, lakini utalipa kwa urefu wa nyaya.

Bafa nazo huzaa msongamano. Kila moja inaongeza pini mbili na ngazi za via, na zikikusanyika kwenye kichochoro kati ya makro (vitalu vikubwa vilivyotengenezwa tayari) mbili zinaziba njia walizokuja kuzisaidia. Ndiyo maana bafa mbili za mwisho za kile kibonde hazina thamani inayoonekana kwenye hesabu ya ucheleweshaji peke yake.

Dalili: hesabu ni nzuri, lakini baada ya kuweka seli mahali pake muda unaharibika

Pima umbali ambao kila bafa imesogezwa kutoka ilipokusudiwa. Ikiwa chini ya mikromita 30 kwenye mfano wetu, si hiyo. Bonde ni tambarare. Ikiwa mia na zaidi, algoriti ilipewa nafasi zilizo juu ya makro au kwenye visanduku vilivyojaa. Ondoa nafasi hizo kabla ya kuanza, na zile za visanduku vilivyo karibu kujaa zipewe gharama ya ziada. Makro ikiwa pana kuliko nafasi ambayo waya unaweza kuvumilia bila bafa, kuondoa nafasi hakutoshi: mti wenyewe lazima upite kando, hivyo njia na bafa vitafutwe kwa pamoja.

Kagua pia maeneo ya umeme. Bafa iliyowekwa ndani ya eneo linalozimwa, kwenye waya unaounganisha maeneo mawili yanayobaki hai, itafanya kazi vizuri kwenye kila uchambuzi wa muda na kufa siku eneo hilo likizimwa. Hakuna namba ya ucheleweshaji itakayoonyesha hili. Kila nafasi ibebe jina la eneo lake la umeme, na zilizo kwenye eneo linaloweza kuzimwa zikubali tu bafa zenye umeme wa kudumu.

Dalili: muda unayumba kulingana na jirani

Ikiwa nusu ya kapasitansi ya waya, 0.1 kati ya 0.2, ni ya kuelekea nyaya za pembeni, jirani wakigeuka upande mmoja na wewe sehemu hiyo hutoweka. Wakigeuka kinyume inaonekana mara mbili. Kapasitansi inacheza kati ya 0.1 na 0.3 kwa mikromita, na sehemu ya 800 (4 × 200) ya waya mtupu wa mfano inaweza kufika 1200. Weka 0.3 kwa neti za dharura unapochagua bafa, au tenga njia moja tupu pembeni yake. Kuongeza bafa husaidia pia kwa kuwa hufupisha urefu wa kukaa sambamba na jirani yuleyule.

Mwisho kuna onyo la antena, ambalo huja wakati kila kitu kingine kimetulia. Waya mrefu wa tabaka la chini ulioungana na geti ya transista, kabla matabaka ya juu hayajajengwa, hukusanya chaji wakati wa utengenezaji na kuweza kuharibu geti. Ruka kwenda tabaka la juu karibu na geti, si karibu na kiendeshi. Kuruka upande wa kiendeshi hakukati kipande kinachoning'inia kwenye geti. Pasipo na nafasi ya kuruka, weka dayodi, kisha ongeza kapasitansi yake kwenye kipokezi na uendeshe upya uwekaji wa bafa kwa neti hiyo moja.